Faru wa msituni: majibu ya maswali yenu

Wiki mbili zilizopita niliandika kuhusu faru weusi wa Ngorongoro. Mwishoni nikataja, kwa mistari miwili tu, kwamba wana ndugu zao Indonesia wanaoishi kwenye msitu mnene, na kwamba hao ndugu wako karibu kutoweka. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyowashika wengi wenu, maana karibu maswali yote yaliyoletwa ni ya hao. Nami sina habari inayonikaa moyoni kuliko hiyo, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wao. Wako wa aina mbili: faru wa Sumatra, mwenye pembe mbili na manyoya, na faru wa Java, mwenye pembe moja.

Mimi faru ninaowajua ni wa kreta, wanaonekana kwa mbali mbugani. Na mwili ule, faru anapitaje kwenye msitu uliofungamana? (Msomaji, Karatu)

Mwili wenyewe si ule. Faru wa Sumatra ndiye mdogo kuliko faru wote duniani. Ukisimama naye, bega lake linakufika kifuani tu au chini ya hapo, na uzito wake ni kama kilo 500 hadi 900. Ana manyoya ya kahawia yenye wekundu, mengi zaidi akiwa mtoto. Kati ya faru wote walio hai, ndiye ndugu wa karibu zaidi wa yule faru wa manyoya aliyeishi kwenye baridi ya kaskazini enzi za barafu. Faru wa Java ni mkubwa kidogo, wa kijivu, na ngozi yake ina mikunjo mikubwa kana kwamba amevishwa ngao vipande vipande. Majike yake mengi hayana pembe kabisa.

Msituni wana njia zao. Faru wa Sumatra hupita njia zilezile miaka nenda rudi, kando ya mito na juu ya migongo ya vilima. Namna anavyokula ndiyo inayonivutia zaidi. Anaujia mti mchanga ambao majani yake mazuri yako juu asikofika. Anauwekea kifua, anausukuma kwa uzito wake mpaka ulale, kisha anautembelea huku shina likiwa katikati ya miguu yake, na anapofika kileleni ananyofoa majani kwa mdomo wa juu uliochongoka. Akimaliza, mti unabaki umelala kuelekea kule alikokwenda. Mara nyingine anaupinda mti na kuusokota bila kuula hata jani moja. Wafuatiliaji wa nyayo wanaichukulia hiyo kuwa ni alama aliyomwachia faru mwingine. Shikilia hilo la alama, tutalirudia.

Na usisahau kwamba faru wako mweusi wa kreta naye ni mla majani ya vichaka, mwenye mdomo uliochongoka vilevile. Wa nyasi ni faru mweupe. Ndiyo maana pale Ngorongoro wanaomtafuta mweusi huanza kwa kuangalia pembezoni mwa msitu wa Lerai.

Kwa nini faru anapenda tope kiasi kile? (Mwanafunzi wa sekondari, Morogoro)

Kwa faru wa msituni, tope ni afya yake. Dimbwi lake hulitengeneza mwenyewe: huchagua mahali penye udongo laini, mara nyingi kwenye mteremko, akachimba kwa miguu na kwa pembe mpaka upande mmoja unakuwa kama ukuta. Ukikuta dimbwi linalotumika utaona kwenye ukuta huo mikwaruzo ya pembe, na majani ya pembeni yamepakwa tope hadi kimo cha bega lake. Huingia jua linapokuwa kali, akalala humo saa mbili au tatu. Tope likimkauka mwilini linazuia inzi, linatoa kupe na linafanya ngozi isipasuke. Waliofugwa bila dimbwi ngozi iliharibika, na baadhi ya waliowekwa mahali pasipo kivuli cha kutosha waliugua macho, maana hawa ni wanyama wa chini ya miti mirefu.

Na kwa kuwa wasomaji wa pwani watapenda kusikia: Ujung Kulon, wanakoishi faru wa Java, hakuna ardhi ya chumvi ya kulamba. Kwa hiyo faru wale hushuka mpaka ufukweni wakanywa maji ya bahari.

Wamebaki wangapi hasa, na wapi? Nataka kuwaambia wanafunzi wangu jambo la uhakika. (Mwalimu wa shule ya msingi, Tanga)

Mwalimu, faru wa Sumatra walikadiriwa mwaka 2022 kuwa kati ya 34 na 47 duniani kote. Sehemu kubwa wako kaskazini mwa Sumatra, kwenye msitu wa Leuser. Kalimantan, yaani upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, kuna jike aitwaye Pahu aliyekamatwa mwaka 2018 na kuwekwa kwenye kituo cha kumhifadhi. Malaysia imekwisha kuwapoteza: dume la mwisho, Tam, lilikufa Mei 2019, na jike la mwisho, Iman, likafuata Novemba mwaka huohuo.

Faru wa Java wako kama 50, wote katika Hifadhi ya Taifa ya Ujung Kulon, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Java. Wote. Vietnam ilikuwa nao hadi mwaka 2010, ambapo yule wa mwisho alikutwa amekufa katika hifadhi ya Cat Tien, ana risasi mguuni na pembe imekatwa.

Zamani faru wa Java alipatikana kuanzia kaskazini-mashariki mwa India, akapita Myanmar na Thailand hadi Vietnam na Java. Chukua ramani ya ukutani, waambie wanafunzi wafunike eneo hilo lote kwa viganja vyao. Kisha waondoe mikono, na mmoja wao aguse ncha ya Java kwa ncha ya kalamu. Wataelewa bila maelezo mengine.

Hapa kwetu tukiongeza askari, faru wanaongezeka. Kwa nini Indonesia wasifanye hivyohivyo? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, na nitalijibu kwa kirefu.

Ni kweli kwa faru weusi. Kenya walikuwa kama 20,000 mwaka 1970, wakashuka chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa uzio, askari na kazi ya usiku na mchana wakapanda hadi zaidi ya 900. Mimi pia kwa miaka mingi niliamini kwamba dawa ni moja: mwondoe jangili, mnyama atazaana mwenyewe. Nilipoanza kufuatilia habari za faru wa Sumatra ndipo nilipoona kwamba kuna mnyama anayeweza kwisha hata bila jangili.

Faru huyu ni mpweke kwa asili yake. Kila mmoja ana eneo lake kubwa, na dume na jike hukutana kwa muda mfupi tu, kwa kufuata alama: mkojo, kinyesi, miti iliyosokotwa. Mpango huo ulifaa walipokuwa mamia msitu mmoja. Leo msitu umekatwakatwa kwa mashamba na barabara, faru watatu wako huku, wawili kule, mmoja peke yake ng'ambo ya mto. Anasokota mti, anaacha harufu yake, na hakuna anayekuja.

Hapo linaongezeka jambo la mwili wenyewe. Kwa faru wa Sumatra, yai la jike halitoki mpaka apandwe na dume. Hilo liligunduliwa na Terri Roth na wenzake kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani. Jike akikaa miaka bila dume, uvimbe huota kwenye mfumo wake wa uzazi, na baadaye hata akiletewa dume mimba haishiki. Iman wa Malaysia alikuwa na uvimbe wa namna hiyo. Kwa hiyo msitu unaweza kuwa salama, miti imestawi, hakuna hata mtego mmoja, na faru wakaisha humo kimyakimya kwa kutokukutana.

Ndiyo sababu ya kuwakusanya. Jaribio la kwanza lilikuwa la uchungu: kati ya mwaka 1984 na 1996 walikamatwa faru 40 na kugawanywa kwenye vituo vya Indonesia, Malaysia, Uingereza na Marekani, na wengi wao wakafa bila kuacha mtoto. Wengine walilishwa majani makavu kama ng'ombe. Dume la Cincinnati, Ipuh, lilikonda likawa karibu ya kufa, mpaka walipolisafirishia kwa ndege matawi ya miti ya jamii ya mikuyu kutoka California. Likala, likapona. Mwenzake, Emi, aliharibikiwa na mimba tano. Mimba ya sita wakampa homoni, na tarehe 13 Septemba 2001 akazaliwa Andalas, faru wa Sumatra wa kwanza kuzaliwa mikononi mwa watu baada ya miaka 112.

Andalas alipokua akarudishwa Sumatra, kwenye kituo cha Way Kambas kilicho ndani ya msitu, akakutanishwa na jike aitwaye Ratu. Wakapata Andatu mwaka 2012, Delilah mwaka 2016 na Anggi Septemba 2023. Kuna na jike mwingine, Rosa, ambaye alikuwa na tabia ya kutoka msituni na kuzurura karibu na watu mpaka ikabidi achukuliwe. Rosa aliharibikiwa na mimba nane. Nane! Machi 2022 akamzaa Sedah Mirah, akiwa hai na mzima. Sijui kama kuna habari ya mnyama iliyowahi kunifurahisha kiasi kile.

Sasa tazama ukoo huo kwa jicho la Mswahili. Novemba 2023 Delilah alizaa dume, Indra. Baba wa Indra ni Harapan. Harapan ni mdogo wake Andalas, baba mmoja mama mmoja, Emi na Ipuh. Na Andalas ndiye baba yake Delilah. Kwa maneno mengine, Delilah amezaa na baba yake mdogo. Wataalamu wa Way Kambas wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Wamefanya hivyo kwa sababu waliokuwapo ndio hao, na kila mwaka wa kungoja ungeweza kumharibu jike mwingine. Wanachohitaji sasa ni damu mpya kutoka msituni, yaani kuwapata wale walio wawiliwawili na mmojammoja kabla hawajazeekea huko.

Na mitego ya nyaya, huko nako ipo? Kwetu Serengeti ndiyo inayomaliza wanyama. (Msomaji, Mugumu)

Ipo, na inafanana na ya kwenu kabisa. Niliwahi kutembea na askari wa doria asubuhi moja, tukategua nyaya mpaka gunia likawa zito la kubebwa na watu wawili. Hakuna hata mmoja uliotegewa mnyama mkubwa, yote ilikuwa ya swala na nyumbu, lakini waya hauulizi. Sumatra na Borneo hutegea paa na nguruwe, na faru hukanyaga humohumo. Puntung, jike wa Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, alipoteza kwato lote la mguu mmoja akiwa bado mtoto, akaishi hivyo hadi mwaka 2017. Najaq, aliyepatikana Kalimantan mwaka 2016, alikuwa na kidonda cha waya mguuni kilichooza, akafa wiki chache baada ya kukamatwa. Tangu mwaka 1995 kuna vikosi vya watu wanne wanne vinavyoingia misitu ya Sumatra kwa miguu, siku nyingi kila mwezi, kutafuta nyaya hizo. Kazi yao na ya vijana wenu wa Mugumu ni moja.

Utotoni nilisikia wazee wakitaja vipusa vinavyopelekwa Uarabuni na Uchina. Hivi kipusa kina dawa kweli? (Mzee msomaji, Unguja)

Babu, shikamoo. Wazee walisema kweli: karne ya 19 vipusa, yaani pembe za faru, kutoka bara vilipita bandari ya Unguja pamoja na pembe za ndovu. Baadaye, miaka ya 1970 na 1980, soko kubwa lilikuwa Yemen, kwa mipini ya majambia, na huko ndiko walikokwenda faru wengi wa Afrika Mashariki. Biashara ya kimataifa ya kipusa ilipigwa marufuku mwaka 1977, na Uchina ikazuia matumizi yake mwaka 1993, lakini magendo yakaendelea, na baadaye Vietnam ikawa soko kubwa.

Dawa haina. Kipusa ni kitu kilekile cha kucha na nywele. Mtu akitafuna kucha zake mwenyewe amepata alichokinunua kwa mamilioni.

Nilitamani kukuambia kwamba Java wamepona balaa hilo. Kwa miaka mingi tuliambiwa faru wa Ujung Kulon wanaongezeka taratibu, zaidi ya 70, na hakuna ujangili. Kisha polisi wa Banten, jimbo lenye Ujung Kulon, wakawakamata watu waliokiri kuwa waliua faru 26 kati ya mwaka 2019 na 2023. Mmoja wao alihukumiwa miaka 12 jela mwaka 2024. Faru 26 katika 70 na kitu, na hakuna aliyejua. Na kwa kuwa mwenye kipusa ni dume, risasi humtafuta dume kwanza, na majike yanabaki bila wenzi. Unaona, Babu, tumerudi palepale kwenye upweke.

Sisi wa Goma tunajua volkano. Nimesoma kwamba faru wa Java wanaishi karibu na Krakatau. Kwa nini wote wawekwe mahali pamoja? (Msomaji, Goma)

Hawakuwekwa, walibakia. Krakatau ilipolipuka mwaka 1883, mawimbi yaliua zaidi ya watu 36,000 kwenye pwani za Java na Sumatra na kufuta vijiji vya Ujung Kulon. Watu wengi hawakurudi, msitu ukaota upya, na faru wakapata pa kujificha. Kwa hiyo maafa yaleyale ndiyo yaliyowapa kimbilio. Lakini mlima haujalala. Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau, yaani mtoto wa Krakatau, uliporomokea baharini, na wimbi lake likaua zaidi ya watu 400. Faru walisalimika. Lingekuja kubwa kama la 1883, faru wa Java wangekuwa historia usiku ule.

Kuna kazi inayofanyika upande wa mashariki wa hifadhi hiyohiyo: wanakata mti wa jamii ya minazi uitwao langkap, unaotanda na kuzuia mwanga mpaka mimea anayokula faru haioti chini yake. Ukikatwa, chakula kinarudi na faru wanasogea. Mpango wa kuwapa makazi ya pili, mbali na Ujung Kulon, umezungumzwa miaka mingi na kila mara umekwama, na hapo mimi sina subira tena. Nyinyi wa Kongo mnalijua hili. Faru weupe wa kaskazini wa mwisho porini walikuwa Garamba peke yake, na vita na ujangili vikawamaliza palepale kwa sababu hapakuwa na kwingine.

Magonjwa nayo yako hivyo. Mwaka 2003, kwenye kituo cha Sungai Dusun, Malaysia, faru watano walikufa ndani ya wiki chache. Ndio wote waliokuwapo kituoni.

Kwa nini wasiletwe Kenya kwenye hifadhi zetu zenye ulinzi? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu chakula chao, kivuli chao na tope lao viko huko. Yaliyompata Ipuh kwa majani makavu yanatosha kuwa funzo. Kenya inaweza kutoa ujuzi, na unatolewa tayari: pale Ol Pejeta, Najin na binti yake Fatu ndio faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, na mayai ya Fatu yanatumika kutengeneza viinitete, yaani mimba changa kabisa, maabara. Wanasayansi wa Berlin wanaoshiriki kazi hiyo wamechukua pia seli za ngozi ya Tam, yule dume wa Malaysia, wakazigeuza kuwa seli za shina, yaani seli zinazoweza kukua kuwa seli za aina nyingine. Ni kazi nzuri. Lakini Najin na Fatu wanatuonyesha inavyokuwa watu wanapoanza wamechelewa.

Faru wa msituni analiaje? (Mtoto wa darasa la tano, Iringa)

Mwanangu, watu wengi hudhani faru anakoroma tu. Huyu wa Sumatra anaimba, na waliomrekodi wameulinganisha wimbo wake na wa nyangumi. Ana sauti tatu kubwa. Ya kwanza ni fupi, "ip, ip", na huitoa mara kwa mara anapotembea. Ya pili ni ndefu, inapanda na kushuka kama mtu anayeguna wimbo huku amefumba mdomo. Ya tatu ni mluzi unaoishia na pumzi kali, na una nguvu kiasi kwamba kwenye bustani ya wanyama ulitikisa nondo za chuma. Hii ya tatu inasafiri mbali sana msituni.

Ijaribu: piga mluzi mrefu, kisha bila kuvuta hewa upulize kwa nguvu zako zote. Halafu nyamaza usikilize, maana ndivyo na yeye anavyofanya.